Harufu ya Bahari Kwenye Sayari ya Mbali

Maji yakipwa, upepo wa Pwani huja na harufu ambayo aliyekulia huku huitambua hata akiwa amefumba macho. Sehemu ya harufu hiyo ni gesi iitwayo dimethili salfaidi. Asili yake ni mwani mdogo wa seli moja unaoelea baharini, mdogo kiasi kwamba bila hadubini huuoni. Seli hizo hutunza ndani yake kemikali yenye salfa inayozisaidia kuhimili chumvi. Zikiliwa au zikipasuka, kimeng'enya huivunja kemikali hiyo na gesi hupanda hewani. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel walikitambua kimeng'enya hicho katika mwani. Kuna ndege wa baharini wanaoifuata harufu hiyo hadi mahali penye chakula, wakakusanyika kundi zima juu ya maji.

Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyofanya tuambiwe, mwezi Aprili 2025, kwamba uhai umepatikana nje ya Dunia, kwenye sayari ya mbali. Mdogo wangu alinitumia habari ile usiku kwa WhatsApp. Kichwa chake hakikuwa na neno "huenda" hata moja, na hilo bado linaniudhi.

Sayari yenyewe inaitwa K2-18b, iko umbali wa miaka ya nuru 124 (yaani mwanga wake huchukua miaka 124 kutufikia), na uzito wake ni zaidi ya mara nane ya Dunia. Hakuna aliyeiona angahewa yake kwa picha. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo hupenya pembezoni mwake, kwenye hewa, na kila gesi hufyonza sehemu yake ya mwanga. James Webb, darubini iliyoko angani, hupima kilichopungua. Kwa njia hiyo, mwaka 2023 gesi ya methani ilionekana, na wengine waliopima upya wameikuta palepale. Mwaka 2025 kikundi cha Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge kikasema kimeona dalili za dimethili salfaidi, au ndugu yake dimethili disalfaidi.

Wao wenyewe walitaja kwamba uwezekano wa dalili ile kutokea kwa bahati tu ni asilimia 0.3, na kwamba ili kutangaza ugunduzi inatakiwa iwe chini ya asilimia 0.00006. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo iliyokatwa habari ilipofika kwetu. Vikundi vingine vilivyochambua takwimu zilezile havikuona ushahidi wa kutosha.

Tuseme gesi ipo kweli. Chombo cha anga cha Rosetta, kilichoizunguka nyotamkia 67P kuanzia 2014 hadi 2016, kiliacha vipimo vinavyoonyesha dimethili salfaidi, na kwenye nyotamkia hakuna mwani. Maabara huko Colorado nayo imeitengeneza kwa kumulika mchanganyiko wa gesi kwa miali ya urujuanimno (ultraviolet), bila kiumbe chochote. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Darubini inaweza kutuambia gesi gani iko kule. Kutuambia imetoka wapi, haiwezi. Kazi hiyo ni ya wanaochungulia seli za maji ya bahari na wanaochanganya gesi ndani ya chupa, watu ambao sijawahi kuona vichwa vya habari vya Kiswahili vikiwataja. Nawataka watajwe. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwanafunzi anayehesabu seli za mwani katika maji ya Unguja hayuko mbali na swali la uhai angani kama anavyodhani.

Na wanaotafsiri habari za sayansi wakitafsiri tangazo, watafsiri pia majibu ya waliolipinga, hata yakija miezi mingi baadaye. Habari ya pili haikumfikia mdogo wangu mpaka nilipomwandikia mwenyewe. Aliuliza, "Kwa hiyo kaka, kule hakuna kitu?" Nikamjibu kuna methani, na kwamba miaka thelathini na mitano iliyopita hatukuwa na uhakika hata wa sayari moja inayozunguka jua lisilo letu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimweleze mwanga unavyopita kwenye hewa ya sayari. Tuliongea mpaka saa saba usiku.