Maharage si nyongeza

Kaa kwa mama lishe yeyote hapa Dar, awe wa Tandale au wa Buguruni, uagize wali nyama. Sahani inakuja na maharage pembeni, mchicha na kipande cha tikitimaji. Bei unayolipa ni ya nyama. Maharage yakiisha kabla ya wali, mteja anainua sahani: "Mama, niongezee maharage." Unaongeza, bure. Ukikataa, kesho anakula kwa jirani.

Huu ndio mtihani mkubwa wa sisi wenye vibanda tunaotaka kuuza chakula cha mimea mitupu. Wapo wanaosema mtu wa Dar hali bila nyama. Nakataa. Kisamvu cha nazi, kunde, choroko, badia, magimbi ya futari, vyote tumelelewa navyo. Anavila kila siku. Kuvilipia ndiko hataki, kwa sababu sisi wenyewe tumemzoesha kwamba vinasindikiza tu.

Mwaka jana nilijaribu nyama ya soya, vile vipande vikavu vya soya vinavyopikwa kama nyama, kibandani kwangu Mwananyamala. Niliichemsha, nikaikamua kwa mikono hadi viganja vikauma, maana ikibaki na maji harufu inaganda na rosti inapooza. Nikaikaanga na kitunguu, tangawizi na hoho, nikamalizia kwa tui zito. Kijana mmoja wa bodaboda alimaliza sahani, akafuta na mchuzi. Nilikuwa nimemwekea bei ya chini kuliko ya nyama, bado akaniuliza kwa heshima kabisa: "Sasa mama, hapa nalipia nini?" Swali lile liliniumiza, kwa sababu nilikuwa nimesimama jikoni tangu alfajiri.

Halafu kuna mtaji. Buchani wananijua. Nachukua nusu kilo, nalipa jioni nikishauza. Soya naifuata Kariakoo, na huko ni pesa mkononi, nauli juu yangu. Maharage makavu nayo yanakula mkaa kuliko nyama. Hata ukiyaloweka usiku kucha, jiko litawaka muda mrefu, na mkaa wa Dar kila mtu anajua unavyouzwa.

Maziwa ya soya ndiyo yaliyonishinda zaidi. Povu lake hupanda mapema, ukadhani yamechemka kumbe bado, na ukiyaepua hapo yanabaki na ladha ya maharage mabichi. Ukiyapika vizuri, joto la Februari linakusubiri: umeme ukikatika mchana, jioni unamwaga. Na ukitaka kuyafunga kwenye chupa upeleke madukani, lazima upite TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia chakula badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sipingi ukaguzi, mlaji lazima alindwe. Ila mwenye sufuria mbili na friji ya kuazima anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye njia hiyo.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Natamani vikundi vya mama lishe viombe majiko ya presha na friji za pamoja kwa fedha hizo, kabla ya mtu kutuletea semina nyingine ya lishe bora.

Kwa sasa, kila Jumatano sipiki nyama. Ubaoni naandika kwa chaki, juu kabisa: "Wali, maharage ya nazi." Na bei yake.