Mkaguzi, Funga Faili Uende Chumbani kwa Mzee

Kampuni ya kuhudumia wazee majumbani inaweza kufaulu ukaguzi bila mkaguzi kuonana na mzee hata mmoja. Anafika ofisini, anapewa kiti, analetewa mafaili. Leseni ipo. Vyeti vya wahudumu vipo. Mpango wa huduma wa kila mteja umesainiwa kila ukurasa. Anatia tiki, anashukuru, anaaga. Wakati huohuo kuna bibi ambaye tangu alfajiri amekalia nguo iliyolowa, na faili lake ni mojawapo ya yale yaliyotiwa tiki.

Sisemi wakaguzi ni wavivu. Tatizo ni kwamba njia wanazotumia zimeazimwa kutoka hospitalini na kwenye makao ya wazee, ambako macho ni mengi: kuna mgonjwa wa kitanda cha pili, muuguzi wa zamu inayofuata, mtu wa usafi, ndugu waliokuja kutazama wagonjwa wengine. Nyumbani wako wawili tu, na mmoja wao akitaka maji ya kunywa lazima amwombe mwenzake. Shahidi wa pili ni daftari, nalo linaandikwa na yuleyule anayekaguliwa.

Ujerumani waliliona hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 walianza kutoa alama kwa makao ya wazee na kwa kampuni za huduma za nyumbani, mfano wa alama za shule, 1 ikiwa ndiyo bora. Haukupita muda karibu kila mtu akawa na moja na ushee. Ilitokana na jinsi alama zilivyokokotolewa: makaratasi yaliyopangwa vizuri yaliweza kufidia udhaifu katika huduma yenyewe. Familia iliyokuwa ikitafuta pa kumpeleka mzee wao ikajikuta mbele ya orodha ndefu ya wanafunzi bora watupu. Mwaka 2019 alama hizo zilifutwa kwa upande wa makao ya wazee.

Siku hizi tumaini limehamia kwenye simu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016 inayotaka huduma za nyumbani zinazolipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kugharimia matibabu ya watu wa kipato cha chini, zithibitishwe kielektroniki, na mambo yanayorekodiwa ni sita: aina ya huduma, anayehudumiwa, anayehudumia, tarehe, mahali, na saa ya kuanza na kumaliza. Ni hatua nzuri dhidi ya wezi, kwa sababu ziara hewa zipo na zinalipwa. Lakini yasome tena yote sita. Hakuna linalouliza kama mzee alikula. Mhudumu anaweza kukaa saa nzima akichezea simu yake sebuleni, na mtambo ukaandika kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Mimi ningeanza na ratiba ya wahudumu, karatasi ambayo ni nadra kuona familia ikiiomba. Itazame ratiba ya siku moja tu. Ukikuta ziara inaisha saa tatu kamili na nyingine, upande wa pili wa mji, inaanza saa tatu hiyohiyo, umeshapata jibu kabla hujagonga mlango wowote. Dakika za njiani zitatoka mahali fulani, na zinatoka kwenye muda wa mzee. Mwaka 2015 mwongozo wa taasisi ya afya ya NICE huko Uingereza ulisema ziara za chini ya nusu saa zisiwepo isipokuwa kwa sababu maalumu. Aliyewahi kumwogesha mtu asiyeweza kusimama peke yake hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndani ya robo saa utamkalisha, utamvua, na maji hayajapata moto.

Ratiba hiyohiyo itakuonyesha kama mzee anahudumiwa na watu wawili watatu anaowafahamu, au kila asubuhi mlango unafunguliwa na sura mpya. Hili nalipa uzito kuliko cheti chochote. Mhudumu anayemjua mzee wake ndiye atakayesema, "Leo anaongea vitu visivyoeleweka, jana hakuwa hivi," kisha ikagundulika ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mgeni ataandika tu kwamba mteja amechanganyikiwa.

Baada ya hapo, nyumbani kwa mzee, kwa ridhaa yake. Nyumba si ofisi ya kuvamiwa. Hata Ujerumani ukaguzi wa huduma za nyumbani kwa kawaida hutolewa taarifa siku moja kabla. Sawa, siku moja haitoshi kuponya kidonda. Mzee akikubali, muuguzi aliyekuja na mkaguzi atazame visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo, ambako vidonda vya kulalia huanzia kwa mtu asiyegeuzwa. Atazame kucha na mdomo. Aulize uzito wa mwezi uliopita na wa sasa: kupungua asilimia 5 kwa mwezi bila kukusudia ni jambo la kumfikisha mtu kwa daktari. Vidonge vihesabiwe na kulinganishwa na daftari. Kama daftari linasema dawa ya presha imemezwa kila siku na pakiti bado imejaa, sihitaji kusoma sera ya kampuni kuhusu dawa.

Ugumu unakuja kwenye kumuuliza mzee mwenyewe. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilichunguza huduma za nyumbani kwa wazee mwaka 2011. Karibu nusu ya wazee na watu wao waliotoa maelezo walionyesha kuridhika kweli, lakini ilikuta pia wazee waliotendewa vibaya sana, na wengi walisita kulalamika, wengine kwa kuhofia yatakayofuata. Ni hesabu ya akili kabisa. Kesho asubuhi ni mhudumu huyohuyo atakayemnyanyua kitandani, wakati huo mkaguzi yuko mbali.

Kwa hiyo ukimuuliza "Unaridhika na huduma?" huku mhudumu amesimama mlangoni, utapata "Ndiyo" ya adabu. Mhudumu atoke. Mtoto wa mzee naye atoke, maana wapo watoto wanaotaka tu kusikia kwamba mambo ni shwari. Halafu maswali yawe ya kawaida: jana nani alikuja, mlikula nini, nani aliamua muda wa kulala, ukitaka kwenda chooni usiku inakuwaje? Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, maneno hayatatosha. Atazamwe anaposhikwa mkono na mhudumu wake, kama anatulia au anajikunja.

Wapo watakaosema kamera zingemaliza kazi hii yote. Kamera chumbani kwa mtu mzima anayevuliwa nguo? Labda mzee mwenyewe aitake. Wahudumu nao wana malalamiko ya haki, kwamba kila ukaguzi unawaongezea fomu ya kujaza katika nusu saa ileile. Ndiyo maana ukaguzi ninaoutaka ungewapunguzia karatasi na kuwauliza na wao: unalipwa muda wa njiani? Mara ya mwisho uliporipoti tatizo, ofisi ilifanya nini?

Tena haya yote ni kwa wazee waliobahatika kuwa chini ya kampuni yenye leseni. Wengi wanatunzwa na mtu aliyeajiriwa na familia kwa maneno ya mdomo, na hapo mkaguzi hafiki kabisa. Kazi ni ya ndugu. Ndugu anayepiga simu kila Jumapili saa ileile anapata taarifa ya Jumapili saa ileile. Apige Jumatano mchana, aombe kuongea na mzee bila spika, na akitembelea aanze na pakiti ya dawa.