Ijumaa Kutwa Wanakutana na Bweni, na Neno "Muujiza" Sitaki Kulisikia

Pale steji ya boda boda karibu na duka langu, hesabu za fainali ya Ijumaa, mpira wa miguu wa shule za sekondari za kaunti ndogo yetu, zimekwisha kufungwa. Bweni watashinda manne kwa bila. Mwingine anasema matano. Aliyenikera zaidi ni yule mzee ambaye kwa kawaida hukaa kimya akipangusa pikipiki yake: "Kutwa wamefika fainali, hiyo inawatosha. Wanywe soda warudi nyumbani." Nikamwambia, mzee wangu, ingekuwa ni soda wangeinywa siku ile ya nusu fainali. Akacheka. Mimi sikucheka.

Majina ya shule hizi mbili sitayaandika. Wachezaji ni watoto wa watu, wengi wana miaka 16 au 17, na nikiandika leo kwamba beki fulani ana mguu mzito, siku moja mtu atamsomea maneno hayo mbele ya wakwe zake. Basi moja naiita Bweni na nyingine Kutwa. Ninyi wa huku, kati ya Kakamega na Mumias, mnawajua. Wa mbali jazeni wenyewe, maana sijaona kaunti ndogo isiyokuwa na Bweni wake na Kutwa wake.

Bweni safari hii wameizoea. Ukishinda kaunti ndogo unaingia kaunti, na kaunti yetu ndiyo yenye Green Commandos wa Kakamega School, ndiyo yenye Musingu kule Khayega. Ukinusurika hapo kuna kanda, unakutana na mabingwa wa Vihiga, Bungoma na Busia. Kisha taifa, uwaangushe akina St. Anthony's wa Kitale kama unaweza, kisha Afrika Mashariki. Picha za timu za zamani za Bweni zimejaa ukuta mzima wa ofisi ya mwalimu mkuu wao. Kutwa kabla ya mwaka huu hawakuwahi kuvuka zoni, ngazi iliyo chini ya kaunti ndogo. Picha yao ya timu ilipigwa kwa simu wiki mbili zilizopita, na wawili wamefumba macho.

Kwa hiyo ndiyo, Bweni wanapigiwa upatu na wanastahili. Siandiki ili kubisha hilo. Ninachobishana nacho ni maelezo yanayotolewa. Ukiuliza kwa nini Bweni ni wakali utaambiwa wana vipaji. Ukiuliza itakuwaje Kutwa wakishinda utaambiwa itakuwa muujiza. Kana kwamba mambo haya hushuka na mvua.

Hebu tuhesabu saa. Kijana wa Bweni anaamka saa kumi na moja, anakimbia, anaoga, anakunywa uji. Jioni ana saa mbili uwanjani chini ya kocha anayelipwa kuwa kocha. Akimaliza, bweni liko hatua mia moja kutoka golini, na sahani ya mchezaji ina yai ambalo wenzake hawalioni. Kijana wa Kutwa anatoka nyumbani gizani, wengine kilomita tano kwa miguu. Jioni kengele ikilia kuna ng'ombe anayesubiri majani ya nepia na mitungi inayosubiri maji. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki, na mwalimu anayewafunza ndiye huyohuyo anayesahihisha madaftari ya Baiolojia ya shule nzima. Mipira ni miwili. Mmoja umevimba ubavuni kama shavu lenye matubwitubwi, ukiupiga kulia unaenda kushoto. Mwalimu anasema umewafunza subira.

Pesa nazo. Serikali hupanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na mwulize mwalimu mkuu yeyote jinsi zinavyofika: kwa vipande, zimechelewa, pengine zimepungua. Zikichelewa, Bweni wana karo ya bweni na wana wazee waliosoma pale wenye magari makubwa. Zikichelewa kwa Kutwa, kitu cha kwanza kukatwa ni mpira, kwa sababu chaki haikatiki.

Mwaka huu kuna jingine ambalo stejini hawalizungumzii. Kwa mpito huu wa kutoka mtaala wa 8-4-4 kwenda mtaala mpya wa umilisi, sekondari zina gredi ya 10, kidato cha tatu na kidato cha nne basi. Kidato cha pili hakipo. Bweni yenye wanafunzi elfu moja na ushee haikuhisi kitu. Kutwa ina watoto wasiofika mia mbili, na nusu ni wasichana. Toa wasiopenda mpira, toa wagonjwa, toa yule ambaye baba yake amesema mpira ni uvivu. Kocha amepata 18 na mmoja wao ni kipa wa pili ambaye kiasili ni mcheza voliboli.

Nilicheza kwenye kikosi cha namna hiyo, zamani. Tulipelekwa mechini tumesimama juu ya trela ya kubebea miwa, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Mapumziko wenzetu walimenya machungwa, sisi tukavunja muwa mmoja magotini tukagawana. Tulifungwa saba. Nilikuwa beki wa kulia, na mabao matatu yalipitia kwangu, nayakubali. Lakini dakika 30 za kwanza ilikuwa bila kwa bila. Baadaye miguu ilikataa. Miaka yote hii watu wa kijiji chetu husema siku ile tuliogopa. Hatukuogopa. Tulikuwa na njaa.

Ndiyo maana sisikilizi sana habari za moyo na ujasiri. Mtu atanikumbusha Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na Morocco, tarehe 10 Agosti 2025 kule Kasarani, mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu, Stars wakacheza kipindi kizima cha pili wakiwa 10 na bao likabaki moja. Morocco haohao ndio waliolibeba kombe mwisho wa mwezi. Nilitazama mechi ile nimesimama juu ya kreti, nikashuka sina sauti. Lakini kumbukeni: vijana wale walikuwa kambini, walilala vitanda, walikula, na kocha Benni McCarthy aliwapanga mpaka kila mtu akajua anasimama wapi mpira ukiwa upande mwingine. Wanyonge kwa jina, ndiyo. Tumboni hawakuwa wanyonge.

Sasa tuingie uwanjani.

Straika wa Bweni, jezi namba 9, mpaka mwaka jana alikuwa mwanafunzi wa Kutwa. Alihama. Mtaani inasemekana karo yake imelipwa na mtu mwenye mapenzi makubwa na rangi za Bweni. Risiti mimi sijaiona, na mzazi aliyeahidiwa kitanda na sahani kwa mtoto wake siwezi kumnyooshea kidole. Ila ule ukuta wenye picha unaoitwa historia ya Bweni, ukiuchunguza utakuta nusu ya nyuso zake zilianzia kwenye viwanja vya watu wengine.

Kipa wa Kutwa ni jirani ya kijana huyo. Boma zao zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Walianza kupigiana mashuti wakiwa wadogo kabisa, kwa mpira wa juala uliofungwa kamba ya katani, mpaka serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 wakahamia matambara. Huyu kipa huja dukani kwangu kununua mkate. Juzi nikamwuliza, yule ndugu yako akipata penalti anapiga wapi? Akaniambia bila hata kufikiri. Sitaandika hapa, kocha wa Bweni anajua kusoma.

Mimi naona mechi nzima iko hapo. Bweni hucheza mpira wa chini, pasi fupi fupi, mpaka beki mmoja achoke kugeuza shingo, kisha namba 9 anapenya katikati. Ndivyo walivyofunga karibu mabao yao yote msimu huu. Mabeki wao wa pembeni hupanda wote wawili kwa pamoja, kiburi tu, na nyuma yao hubaki shamba la ekari mbili. Kutwa wana winga wa kushoto mwembamba kama fito, yule anayekimbia kila asubuhi kwa kuogopa kufungiwa geti. Mpira mmoja mrefu nyuma ya beki wa kulia wa Bweni, na huyo mtoto hakamatwi na mtu.

Tena uwanja wenyewe unainama. Goli la upande wa chini limepakana na shamba la miwa, mpira ukiingia humo unatafutwa kama mwizi. Na mvua ya kwetu haihitaji mtabiri: jua la asubuhi likiwaka, kufika saa tisa wingu limekwisha kusimama upande wa msitu, saa kumi linamwaga. Mechi inaanza saa tisa. Kipindi cha pili kitachezwa kwenye tope, na tope halipendi pasi fupi fupi. Ningekuwa kocha wa Kutwa na nikashinda kura ya sarafu, ningechagua kupanda mlima kipindi cha kwanza hali pakavu, tuteseke, tuzuie, halafu tuteremke na mvua.

Watu wa Khayega na Shinyalu mnaotazama vita vya mafahali mnalijua jambo hili kuliko mimi. Fahali mkubwa huletwa na ngoma za isukuti na umati, kila mtu keshamtaja mshindi. Lakini pale hakuna pointi za unene. Anayegeuza mgongo ndiye aliyeshindwa, na nimeona fahali wa kimo cha ndama mkubwa akisimama tu, kichwa chini, kwato ardhini, hadi yule mkubwa alipochoshwa na kusukuma kitu kisichosogea. Hao wadogo hawashindi mara nyingi. Wakishinda, mwenye fahali hukuambia alimlisha nini.

Nikiwa hapo niseme na jambo la wasichana, maana nitasahau. Saa tano asubuhi, uwanja huohuo, wasichana wa Kutwa nao wana fainali yao, na wao ndio wanaopigiwa upatu. Hawajafungwa hata bao moja. Stejini hakuna aliyewataja. Huku ndiko kwenye Butere Girls, shule yenye sifa ya soka ya wasichana, tunajua vizuri wasichana wanavyocheza, na bado tutafika saa tisa kasorobo tukijiita mashabiki.

Utabiri wangu: Bweni 2, Kutwa 1. Bweni watapata la kwanza mapema. Kutwa watasawazisha kwa kona wakati wa mvua, beki wao mrefu, kichwa. Halafu dakika za mwisho Bweni wataingiza wachezaji watatu wasiochoka kutoka benchi, na Kutwa watamwingiza mcheza voliboli. Hapo ndipo bao la pili litakapotoka. Sioni aibu kusema naomba nikosee.

Njaa ndiyo inayonisumbua kuliko namba 9. Kutwa huanza kulegea mwanzoni mwa kipindi cha pili, nimewatazama mechi tatu, na kila mara ilikuwa siku ambayo chakula cha mwisho kilikuwa chai ya rangi ya asubuhi. Nikaenda kwa mama mwenye kibanda cha githeri karibu na geti la shule. Amekubali kuwapikia Ijumaa, wale saa tano na nusu, si saa nane, ili wasikimbie na mawe tumboni. Yule mzee wa stejini, baada ya kucheka kwake kote, ametoa mia mbili na kusema nisimtaje. Sijamtaja.

Mayai ni juu yangu. Mawili kwa kila mchezaji, 36, yako nyuma ya kaunta, na tangu jana nimewakatalia wateja wanne. Jioni ya Alhamisi nitayachemsha. Kesho napitia kwa kapteni wa wasichana kumwuliza wao wako wangapi, maana trei nyingine ipo.