Sikunyakuliwa, Nilikuwa Nyuma ya Mimbari

Ndugu zangu, acheni kwanza kusambaza ile habari kwamba mhubiri amenyakuliwa katikati ya ibada ya pili. Aliyeileta anaimba besi kwaya kuu, na wakati ule alikuwa anatazama dirishani na wenzake wote. Hakuona kitu. Waliokuwepo eneo la tukio ni mimi na kreti.

Zaburi yenyewe ilikuwa ya 121. Hapa Moshi kila mtu anaijua kwa mstari wa kwanza, "Nitayainua macho yangu niitazame milima", na nusu ya usharika wanaamini iliandikwa Kibosho, hapo juu miteremkoni mwa Kilimanjaro. Nilipanga kuwatoa huko polepole. Mstari huo unaishia kwenye swali, "Msaada wangu utatoka wapi?", na mlima haujibu. Jibu liko mstari wa pili, kwa aliyezifanya mbingu na nchi.

Wanaojiandaa kuhubiri, chukueni kalamu nyekundu. Mistari ni 8 tu. Pigia alama kila penye kulinda na mlinzi, utazipata 6. Hapo hubiri limeshapata uti wa mgongo. Kisha angalia nani anasema. Mwanzoni ni "yangu", kuanzia mstari wa tatu ni "wako", maana yake mwenzake ameitikia. Tafuta wasomaji wawili wapokezane, usiimeze yote peke yako. Kichwa kinasema wimbo wa kupanda. Ziko 15, kutoka 120 hadi 134, na wafafanuzi wengi huziona kuwa nyimbo za mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu.

Hapo ndipo nilipofungua ramani. Yeriko iko takriban mita 250 chini ya usawa wa bahari, Yerusalemu takriban 750 juu ya usawa huo. Mita 1,000 za kupanda kwa miguu, karibu sawa na kutoka mjini hapa hadi lango la Marangu, tena njia ya mawe na wanyang'anyi. Kwa hiyo "Asiuache mguu wako usogezwe" ni maneno ya watu wanaojua kuteleza ni nini. Nililipenda sana hilo. Nikaliandika kwa herufi kubwa.

Sasa kreti. Kimo changu mnakijua, tusipotezeane muda. Mimbari yetu imechongwa utadhani bado inamsubiri mmisionari Mjerumani wa Leipzig wa mwaka 1893, kwa hiyo mzee wa kanisa huniwekea kreti la soda, amelipindua. Jumapili hiyo nusu yake ilikaa juu ya zulia, nusu kwenye sakafu iliyopigwa nta Jumamosi.

Nikasema, "Wapendwa, geukeni wote, inueni macho mtazame milima." Wakageuka. Ilikuwa saa nne asubuhi, na saa nne Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimeshajifunika mawingu. Wangekiona wangerudisha macho mara moja. Hawakukiona, wakaanza kukitafuta. Nami nikasimama kwa ncha za vidole, mkono juu, niwaonyeshe kilipo.

Uzito ukarudi nyuma. Kreti likasema krrr. Kisigino cha kulia kikatafuta mahali pa kukanyaga, hakikupata. Nikadaka kilichokuwa karibu, kitambaa cha kijani cha mimbari, na juu ya kitambaa kulikuwa na Biblia, kurasa zangu, glasi ya maji na maua ya akina mama. (Msicheke bado.) Zilitangulia kurasa, moja moja, bila haraka. Nikauona mstari wa tatu ukipita mbele ya uso wangu kwa herufi kubwa. Ikafuata glasi. Kisha Biblia, kifuani, na hapo nikaelewa kwa nini husemwa Neno lina uzito. Maua yalikuja mwisho, yakanitua tumboni, nikawa tayari kuzikwa.

Waliporudisha macho, mimbari tupu. Kipaza sauti kikapiga mluzi.

"Mama, ameenda wapi?" Mtoto huyo.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akamjibu, "Amechukuliwa, mjukuu wangu," huku anafunga mkoba wake vizuri, tayari kwa safari.

Basi, nikainua mkono, mchungaji akanivuta, nikamalizia hubiri sakafuni, watu wakisikia sauti inatoka kwenye mbao. Goti limevimba. Sadaka ilikuwa nzuri.

Jana huyo wa besi kanipigia: "Mangi, nimeshaongea na mchungaji, zamu yako ijayo ni 130." Nikaifungua.

"Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia."