Kitufe Chekundu Si Kufuli

Sisi tunaojiundia magari nyumbani tuna ugonjwa wa kutaka dashibodi ifanane na ya ndege: swichi za kupandisha, kifuniko chekundu, kitufe cha stata. Langu lilikuwa hivyo. Siku niliyomwonyesha rafiki yangu, alikaa, akapandisha swichi, akabonyeza, injini ikanguruma kabla sijamaliza maelezo. Alifurahi sana. Mimi nikabaki namtazama tu, maana hakuniomba ufunguo, na wala haukuwepo wa kuombwa.

Wenzangu hulalamika kwamba masharti ya kuzuia wizi yametungwa kwa ajili ya viwanda. Siwaungi mkono. Ujerumani Magharibi ililazimisha loki ya usukani mwaka 1961. Marekani, kanuni ya usalama wa magari namba 114 inayahusu magari ya kiwandani, lakini wazo lake linamfaa yeyote mwenye spana: ufunguo ukitoka, injini isiwake, na juu ya hapo usukani usikubali kuzunguka au gari lisiweze kwenda mbele kwa nguvu zake. Yaani kukata umeme wa injini peke yake hakutoshi, kwa sababu mwizi mwenye kipande cha waya anaurudisha.

Kwa hiyo mimi nachagua loki ya usukani iliyotoka kwenye gari kuukuu, pamoja na nguzo yake, ile inayobeba usukani. Ni nzito na haina sura, lakini inaeleweka. Ndani kuna pini ya chuma inayosukumwa na springi na kuingia kwenye mfuo uliochongwa kwenye mhimili wa usukani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukifupisha nguzo halafu mfuo ukahama hata kidogo, pini inagota kwenye chuma kisicho na mfuo. Kwa mbali loki inaonekana ipo, kumbe haishiki kitu. Halafu kuna zile bolti ambazo kichwa hukatika ukishazikaza vya kutosha. Fundi wa nyumbani huzichukia, anaweka za kawaida ili kesho afungue kwa urahisi. Na mwizi naye atafungua kwa urahisi huohuo.

Jambo la kuogopa zaidi ni loki kushika gari likiwa mwendoni. Ukizima injini, pini isubiri hadi ufunguo uchomolewe kabisa. Ijaribu gari likiwa limeinuliwa juu ya vyuma vya kulishikilia, mara nyingi, huku ukizungusha usukani.

Imobilaiza, kifaa cha umeme kinachozuia injini isiwake, nayo ni halali. Magari mapya ya Ulaya yamelazimika kuwa nayo tangu 1998, na ile ya kukata waya hutakiwa kukata angalau saketi (njia za umeme) mbili, kwa mfano stata na pampu ya mafuta. Rilei moja, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyofichwa chini ya kiti, ninayoiona kila mara, ni mchezo wa kujificha tu.

Kitufe changu chekundu bado kipo. Siku hizi umeme haukifikii mpaka ufunguo ugeuzwe, na rafiki yangu anasema nimeliharibu gari.