Kilichoiponza MicroLeague Wrestling si zamu, ni picha

Mwekee kijana aliyezoea magemu ya mieleka ya leo kama WWE 2K gemu la MicroLeague Wrestling la mwaka 1987, uone atakavyobonyeza vitufe akimsubiri mwanamieleka Hulk Hogan aanze kutembea. Hatembei. Hapa unaletewa orodha ya mbinu, unachagua moja, mpinzani naye anachagua yake, kisha kompyuta inaamua nani kamweza mwenzake na kukuonyesha picha ya tukio pamoja na maneno ya utangazaji. Zamu inayofuata ni hivyohivyo, na mnaendelea mpaka kieleweke.

Wanaolikumbuka hulitaja kwa jambo moja tu: ndilo gemu la kwanza lenye leseni ya WWF, jina la zamani la kampuni ya mieleka ya WWE. Baada ya hapo huanza kulicheka. Kwa maoni yangu wanacheka pasipo mahali pake. Wazo la zamu lilikuwa sahihi kuliko la magemu mengi yaliyolifuata.

Mieleka ya maonyesho si ndondi. Mshindi kashapangwa, na kazi ya wawili walio ulingoni ni kupeana nafasi: nakupiga ngwara, unaanguka, unagaagaa, umati unapiga kelele, unainuka, sasa ni zamu yako. Randy Savage, ambaye yumo ndani ya gemu hili, alisifika kwa kupanga mapambano yake hatua kwa hatua. Pambano lake na Ricky Steamboat katika WrestleMania III, tarehe 29 Machi 1987 pale Pontiac Silverdome, waliliandika kwa namba na kulikariri kabla ya kupanda ulingoni. Yaani moja ya mechi zinazosifiwa zaidi za enzi ile ilikuwa orodha kwenye karatasi, mwaka uleule lilipotoka gemu la kuchagua kwenye orodha! Ukichukua gemu la joistiki kama Championship Wrestling la Epyx (1986), mambo yote hayo yanageuka kuwa shindano la nani ana kidole chepesi.

Waliolitoa, MicroLeague Sports Association wa Newark, Delaware, hawakuwa wageni wa fikra hii. Mwaka 1984 walishatoa MicroLeague Baseball, ambamo mchezaji ni kocha: anatoa amri, hapigi mpira.

Sasa picha. Badala ya kuchora vikatuni, walichukua picha za mechi halisi wakazigeuza za kidijitali. Kwa 1987 hilo lilikuwa jambo la kushangaza, hasa kwenye kompyuta ya Atari ST yenye rangi 16 kwa wakati mmoja. Lakini piga hesabu ya Commodore 64, kompyuta nyingine lilikochezwa gemu hili. Picha ya rangi nyingi inayojaza skrini, vitone 160 kwa 200, inakula baiti 8,000 za vitone na kama 2,000 za rangi. Upande mmoja wa diski ya inchi 5¼ kwenye 1541, mashine ya Commodore ya kusomea diski, unabeba kama kilobaiti 170. Picha zikiwekwa bila kubanwa, hazifiki hata 20, na programu yenyewe bado haijapata pa kukaa. Tena 1541, isiposaidiwa na programu ya kuiharakisha, husoma takriban baiti 400 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja kamili ni karibu nusu dakika. Ndiyo maana magemu ya aina hii yalilazimika kupunguza ukubwa wa picha, kuzibana na kuzirudiarudia. Ukiona kipigo kilekile kwa mara ya nne, usimlaumu mwandishi wa programu, laumu diski.

Tatizo kubwa zaidi halina dawa ya kiufundi. Picha ya Hogan akimbeba Savage ni ya Hogan na Savage tu. Huwezi kumtoa Savage ukamweka Paul Orndorff. Toleo la Commodore lilikuwa na Hogan dhidi ya Savage na Hogan dhidi ya Orndorff. Jozi nyingine ilihitaji picha nyingine, na diski nyingine. Wanamieleka 10 wanazaa jozi 45. Nani angezinunua zote? Shabiki wa mieleka anaishi kwa swali la "itakuwaje fulani akikutana na fulani", na picha halisi haziwezi kujibu swali ambalo halijawahi kutokea ulingoni.

Gemu la Tecmo World Wrestling la 1989 lilionyesha njia: utangazaji wa maandishi ukabaki, picha za karibu zikachorwa, na yeyote akaweza kumbwaga yeyote. Ila wao walirudi kwenye vitufe. Zamu kamili ilikuja kupewa heshima yake na gemu la WrestleQuest mwaka 2023, miaka 36 baadaye.

Anayetaka kulijaribu toleo la Commodore leo atumie emuleta ya VICE, yaani programu inayoiga Commodore ndani ya kompyuta ya kisasa. Chagua mtindo wa NTSC, yaani mfumo wa televisheni za Marekani za enzi ile, kwa kuwa ni gemu la Marekani. Unganisha faili la diski kwa Alt+8, andika LOAD"*",8,1 kisha RUN. Likiganda wakati wa kupakia, kwanza hakikisha uigaji kamili wa mashine ya diski umewashwa. Likiendelea kuganda, huenda faili lako ni D64, aina ya kawaida ya nakala ya diski, lililonakiliwa kutoka diski yenye kinga dhidi ya kunakiliwa. D64 haihifadhi alama nyingi za kinga hizo, tafuta G64, aina ya faili inayozihifadhi vizuri zaidi. Ukiambiwa ugeuze diski, kubonyeza kitufe tu hakutoshi; unganisha kwanza faili la upande wa pili. Alt+W inaharakisha upakiaji, lakini izime picha inapotokea. Ukiiacha, maneno ya mtangazaji yatapita kabla hujayasoma, na hayo ni nusu ya utamu wenyewe.