Acheni Mawe Yaote Kijani

Mtu anayefuga furu wa mawe, wale samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza, halafu kila mwisho wa wiki anatoa mawe yote tangini na kuyasugua kwa brashi mpaka yang'ae, anawanyima samaki wake chakula. Nimeiona tabia hii kwenye nyumba nyingi zenye tangi la samaki wa mapambo. Jiwe likianza kuota kijani, yaani mwani ambao furu hao huula, mwenye nyumba anaona aibu mbele ya wageni, kana kwamba hajadeki.

Wenzetu wanaofuga samaki wa bahari hawako hivyo. Wao huutafuta mwani wa juu ya mawe, ule wa rangi ya waridi na zambarau unaotanda kwenye miamba ya matumbawe. Mwani huo hujijengea chokaa ndani ya kuta za seli zake, ndiyo maana wafugaji wake hupima maji kila mara: kalsiamu miligramu 400 au zaidi kidogo kwa lita, magnesiamu kama 1,300. Unakua polepole mno. Baharini unashikamanisha vipande vya mwamba, na mabuu ya matumbawe ya aina nyingi hupenda kutua juu yake. Vijana wa hapa wanaziona picha mtandaoni, kisha wananiuliza wanunue dawa gani ili mawe yao nayo yawe ya waridi. Hakuna dawa hiyo. Maji ya Ziwa Victoria yana chokaa kidogo, na mwani ule ni wa bahari.

Lakini sisi tuna wetu. Mawe ya itale ya ziwani, kuanzia Bismarck Rock hadi visiwa vya Ghuba ya Speke, yamefunikwa na utando mfupi wa mwani, na furu wanaoishi humo, ambao wavuvi wa huku huwaita mbipi, wengine wameumbwa kwa ajili ya utando huo. Mtazame Neochromis, mmoja wa mbipi hao, akila. Paji la uso limeinama wima, mdomo uko chini, meno madogo yamepangwa safu nyuma ya safu. Anasogea mpaka midomo inagusa jiwe, anakwangua kwa mtikisiko mfupi wa kichwa, anarudi nyuma kidogo, anatema chembe za mchanga, anarudia sentimita moja pembeni. Dume akishapata jiwe lenye utando mzuri hulilinda siku nzima, na hapo ndipo rangi zake zinapokolea. Ukilisugua jiwe lile, naona wote wanajibanza pembeni kungoja chakula cha kopo.

Nadhani hofu yetu inatokana na kuchanganya kijani cha jiwe na kijani cha maji. Ziwa letu linaumwa hicho cha pili. Mbolea ya mashambani, maji taka na udongo unaosombwa na mvua hulisha mwani unaoelea, maji yanakuwa mazito, mwanga haufiki chini. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba majike ya furu huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka hawazioni vizuri, hivyo aina zinaanza kuchanganyika. Miongoni mwa samaki wanaotegemea rangi namna hiyo yumo Pundamilia nyererei, mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Hilo ni janga la kweli, juu ya lile la sangara, samaki mkubwa mla furu aliyeletwa ziwani. Ila utando wa juu ya jiwe hauna hatia: unakula virutubisho, yaani naitreti na fosfeti zilezile ambazo zingeulisha mwani unaoelea. Ukiusugua wote na kuendelea kumwaga chakula, unaukaribisha huo mwingine.

Kwa hiyo sugueni kioo cha mbele tu, ili muone ndani. Vya pembeni na nyuma viacheni. Taa iwake kwa muda wa saa nane hadi kumi kwa siku, badilisheni robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Chakula kipunguzeni, dagaa wa kusaga kila siku si mlo wa samaki anayekwangua mawe. Utando wa bluu-kijani unaoteleza na kunuka, huo uondoeni bila huruma. Na umeme ukikatika usiku msiutegemee mwani kwa hewa, kwa sababu gizani nao unatumia oksijeni. Pampu ya betri ni lazima.

Kinachoniuma zaidi ni kuona watu wananunua kambare wa Amerika Kusini wanaonyonya vioo, eti wasafishe. Anauzwa akiwa mdogo kama kidole, baadaye anapita sentimita 30, tangi linamshinda, na mwenye nyumba anaanza kulitazama ziwa. Tafadhali, ndugu zangu. Ziwa hili limeshapoteza furu wengi mno tangu sangara walipoletwa. Samaki usiyemtaka tena mpe mfugaji mwingine. Hata furu msiwarudishe ovyo, kwa kuwa mbipi wa kisiwa kimoja mara nyingi si sawa na wa kisiwa cha jirani, na ukimwachia asikotoka unaweza kuharibu uzao ambao haupo mahali pengine popote.